Q bila U: herufi moja, lugha nyingi, na kilima cha Westville

Yeyote aliyewahi kuketi mbele ya ubao wa Scrabble anaijua dhiki ya kubakiwa na herufi Q mkononi ilhali herufi U zote zimekwisha kutumika. Kiingereza kimezoea kuziandika herufi hizo mbili pamoja kama pacha. Mchezaji asiyejua maneno yanayozitenganisha hukwama nayo hadi mwisho, na pointi zake hukatwa.

Mchezo huo ulibuniwa Marekani katika miaka ya 1930 na Alfred Butts, msanifu majengo aliyekosa kazi wakati uchumi wa dunia ulipoporomoka. Butts alihesabu herufi katika kurasa za magazeti ili ajue ipi hutumika sana na ipi ni adimu. Kati ya vibao 100, E alizipa vibao 12 vya pointi moja moja. Q aliipa kibao kimoja tu, chenye pointi 10. Mwaka 1948 James Brunot aliusajili mchezo kwa jina tunalolijua leo.

Kwa hiyo bei ya Q ilitokana na magazeti ya Kiingereza. Lau Butts angelihesabu herufi za Ilanga lase Natal, gazeti la Kizulu lililoanzishwa na John Dube mwaka 1903, bila shaka Q isingekuwa ghali kiasi hicho.

Katika Kizulu Q haihitaji U. Wamisionari wa karne ya 19 walioanza kuandika lugha za kusini mwa Afrika kwa alfabeti ya Kilatini waliona kwamba herufi C, Q na X hazina kazi, wakazipa sauti za kidoko. Kwa Q, ulimi hubanwa kwenye kaakaa kisha huachiliwa ghafla, ukatoa mlio kama wa kizibo kinachong'olewa chupani. Yai ni iqanda, shujaa ni iqhawe, na ukweli ni iqiniso. Mengi ya maneno hayo yalikusanywa katika kamusi kubwa ya Kizulu na Kiingereza ya Clement Doke na Benedict Vilakazi, iliyotoka mwaka huo huo wa 1948. Vilakazi, mzaliwa wa Groutville, kaskazini mwa Durban, alikuwa mshairi na Mwafrika mweusi wa kwanza kupata shahada ya udaktari nchini Afrika Kusini. Alifariki Oktoba 1947, kabla ya kukiona kitabu chake.

Sasa tupande kilima cha Westville, magharibi mwa Durban. Jina lenyewe ni la Martin West, gavana mdogo wa kwanza wa Natal chini ya Waingereza. Mapema katika miaka ya 1970, serikali ya ubaguzi wa rangi ilihamishia hapo chuo cha Wahindi kilichoanza mwaka 1961 katika kisiwa cha Salisbury, bandarini Durban. Ndicho kilichoitwa Chuo Kikuu cha Durban-Westville.

Nia ya watawala ilikuwa kuwatenga watu. Herufi, hata hivyo, hazikutengeka. Chuo kilifundisha kwa Kiingereza, chenye Q ya malkia. Kilikuwa pia na idara ya Kiarabu, Kiurdu na Kiajemi, na humo Q ilisimama mahali pa herufi qaf. Nje ya lango, wenyeji walizungumza Kizulu.

Q hiyo ya Kiarabu ndiyo inayomwokoa mchezaji wa Scrabble, na hapo ndipo Mswahili anapopaswa kutabasamu. Tazama maneno ambayo bingwa wa London hukesha akiyakariri: QADI, TALAQ, FAQIR, QIBLA, WAQF. Kwetu ni kadhi, talaka, fakiri, kibla na wakfu. SUQ ni soko. QAT ni miraa, ile inayopandwa Meru. Mwenzetu anakariri herufi tupu. Bibi yako wa Lamu au Unguja aliyatumia maneno hayo kila siku, kwa maana zake zote.

Mbona basi hatuyatambui upesi? Kwa sababu tahajia ya Kiswahili sanifu, iliyosimamiwa na kamati ya lugha ya Afrika Mashariki tangu mwaka 1930, haikuipa Q nafasi. Qaf na kaf zote zikawa K: kalamu na kitabu huanza kwa herufi moja, ingawa katika Kiarabu ni mbili tofauti. Kwa mwandishi ni nafuu kubwa, na sioni sababu ya kulalamika. Katika Scrabble, hata hivyo, K ni pointi 5 tu.

Kiswahili nacho kimeingia katika orodha ya maneno yanayokubaliwa. MZEE ana pointi 15. UHURU una 8, na huwafaa sana waliolemewa na U tatu. Kwamba mzee anaushinda uhuru karibu mara mbili ni jambo ambalo Butts hakulikusudia.

Waafrika wameumudu mchezo huu vilivyo. Mwaka 2015 Wellington Jighere wa Nigeria alitwaa ubingwa wa dunia mjini Perth, Australia, akiwa Mwafrika wa kwanza kufanya hivyo.

Ama Westville, chuo chake kiliungana na Chuo Kikuu cha Natal mwaka 2004, kikazaliwa Chuo Kikuu cha KwaZulu-Natal. Mwaka 2014 chuo hicho kiliamua kwamba wanafunzi wapya wa shahada ya kwanza wasiojua Kizulu wajifunze. Watoto wa wale waliovuka maji kwenda Salisbury, pamoja na wageni kutoka nchi nyingine, wakaanza kujizoeza kulitamka neno iqiniso, ulimi kaakaani, darasani mle mle kilimani.