Pingili, si Mkono

Baba yangu mdogo alirudi Ilula na karatasi aliyopewa hospitali ya rufaa. Tulikaa juu ya matenga matupu ya nyanya, kando ya barabara kuu ya kwenda Iringa, akanipa nimsomee: “upasuaji wa mkono wa pafu”. Akaunyoosha mkono wake wa kulia, akaukunja, akaunyoosha tena.

“Mwanangu, ugonjwa uko kifuani. Mkono huu wanautakia nini?”

Neno lile nalijua lilikotoka. Liliwahi kuletwa kwenye kikao cha istilahi nilichokuwamo. Nililipinga, nikashindwa kwa kura, na mjumbe mmoja akasema kwamba neno nililolipendekeza mimi, pingili, ni la wagema ulanzi, pombe ya mwanzi. Sijalisahau tamko lile. Ni kweli ni la wagema ulanzi, na ndiyo sababu linafaa.

Waingereza wameuita upasuaji huu kwa jina la mkono wa nguo, kwa kuwa kipande kinachotolewa kwenye bomba la hewa ni mrija mfupi, wazi huku na huku. Kwao mkono wa nguo una jina lake, na mkono wa mtu una lake. Sisi hatuna majina mawili. Tunasema mkono wa shati, mkono wa kanzu, kama tunavyosema mguu wa suruali: fundi cherehani ameuazima mwili jina. Ukilichukua jina hilo kwa fundi na kulirudisha mwilini, linakwenda moja kwa moja kwa mwenyewe, yaani kwenye bega, kiwiko na vidole. Baba mdogo hakukosea kusoma. Aliyekosea ni mtafsiri.

Wenzangu hujitetea kwa neno saratani. Asili yake ni Kiarabu, maana yake kaa, na Wagiriki nao waliuita ugonjwa huo kwa jina la kaa. Mbona hakuna mgonjwa anayedhani ana kaa kifuani? Hoja hii haisimami. Mswahili humwita kaa, kaa, na saratani haikumfikia ikiwa jina la mnyama. Mkono haujafa hata siku moja katika Kiswahili. Huwezi kuupa maana mpya mbele ya mgonjwa ambaye anautazama.

Sasa tazama mwanzi. Pingili ni kile kilicho kati ya fundo na fundo: mviringo, na kwa mwanzi ni tupu ndani. Mbeta ya kukingia ulanzi ni pingili moja iliyokatwa, fundo la chini likaachwa kuwa kitako. Ondoa na kitako hicho, una mrija ulio wazi pande zote mbili, sawasawa na kile ambacho daktari hukitoa kifuani.

Evarts Graham alitoa pafu zima la mgonjwa wa saratani huko St. Louis, Marekani, mwaka 1933. Kwa miaka mingi baada yake, uvimbe ulioota shinani, pale tawi la juu linapochipuka kutoka bomba kuu, ulimaanisha pafu lote liondoke, hata kama sehemu ya chini haikuwa na ugonjwa wowote. Mwaka 1947 Clement Price Thomas, Uingereza, alikata pingili ya bomba la kulia la kijana wa mafunzo katika jeshi la anga, akaunga ncha mbili, pafu likabaki. Mwaka 1952 Philip Allison akaitumia njia hiyo kwa saratani: alitoa sehemu ya pafu iliyougua pamoja na pingili ya bomba, kisha akaishonea bombani sehemu iliyosalia. Kukata na kuunga, basi. Mkulima wa Ilula hufanya hivyo kila mpira wa kumwagilia unapotoboka.

Yupo pia aliyeandika kwamba pingili ni za uti wa mgongo. Ni za uti wa mgongo, ni za vidole, ni za muwa. Ndiyo maana husemwa pingili ya nini. Msomi anayeona tabu kusema “pingili ya bomba la hewa” asitafute sababu kwenye uti wa mgongo.

Matumizi: upasuaji wa pingili; kutoa pingili; na mshipa wa damu nao ukikatwa na kuungwa, upasuaji wa pingili mbili.

Siku ile nilichukua kipande cha mwanzi uliosukiwa tenga, nikakiweka gotini kwake, nikamwonyesha kwa kidole ulipo uvimbe, wapi watakata juu, wapi watakata chini, na ncha zipi zitakutana. Akakigeuzageuza.

“Kumbe wanatoa pingili. Sasa mbona hawakuandika hivyo?”

Ninyi mnaotafsiri karatasi za wagonjwa, swali hilo ni lenu. Uamuzi wa kikao kile si sheria. Toleo lijalo, futeni mkono, andikeni pingili.