Taji, si Tai

Bastola yenyewe sijaishika. Ilisalimishwa polisi kabla sijafika. Nilichopewa ni picha ambazo mjukuu alizipiga kwa simu, juu ya mkeka, katika kijiji kimoja upande wa Mpwapwa. Kwa vijana wa ukoo ule historia yake ilikuwa imekwisha: baba wa babu yao alimpokonya afisa wa Kijerumani stesheni ya Dodoma, Julai 1916, majeshi ya Jenerali van Deventer kutoka Afrika Kusini yalipokuwa yakiingia. Walitaka niithibitishe, waiweke katika kitabu cha ukoo.

Walikuwa na ushahidi pia. Mtandaoni waliona kwamba aina hiyo, Mauser ya milimita 7.65, huitwa modeli ya 1914. Bastola 1914, vita 1916. Hesabu imekubali.

Lakini mwaka wa modeli ni mwaka wa umbo kuzaliwa, si wa kila bastola. Umbo lile liliendelea kutoka kiwandani Oberndorf kwa miaka mingi. Cha kutazama ni maandishi ya ubavuni. Hadi 1922 kampuni iliitwa Waffenfabrik Mauser, kisha ikabadili jina kuwa Mauser-Werke. Ukiikuza picha ya nne, unasoma Mauser-Werke. Afisa wa 1916 hayumo tena.

Ukomo wa upande wa pili uko kwenye muhuri mdogo kuliko punje ya mtama. Sheria ya Ujerumani ilitaka silaha ijaribiwe kabla ya kuuzwa, na iliyofaulu ilipigwa herufi N yenye taji juu yake. Kuanzia Aprili 1940, chini ya utawala wa Hitler, tai akachukua nafasi ya taji. Nilikodolea macho picha ile jioni nzima. Ni taji.

Nikamwendea mzee, mtoto wa huyo aliyeileta bastola. Baada ya shikamoo na habari za mvua, sikumuuliza mwaka. Ugogo miaka huhesabiwa kwa njaa. Nilimuuliza baba yake alikuwa na ukubwa gani wakati wa Mtunya, ile njaa ya 1918 hadi 1920, baada ya majeshi ya pande zote mbili kuchukua ng'ombe, nafaka na wanaume wa kubeba mizigo.

"Alikuwa anachunga ndama."

Mchunga ndama wa Mtunya hakumpokonya afisa bastola miaka michache kabla.

"Sasa 1916 ilitoka wapi, babu?"

"Kwa hao wasomi. Mimi nilisema baba aliipata Mjerumani alipoondoka. Alikuwa mtumishi wa nyumbani, kwenye shamba la mkonge kule Kilosa."

Mjerumani aliondoka mara mbili, na hiyo ya pili shuleni tuliipita mbio. Kuanzia 1925 Waingereza waliwaruhusu Wajerumani kurudi Tanganyika, na wengi wakapata mashamba. Septemba 1939 vita vilipotangazwa, wanaume wao walikamatwa na kuwekwa kizuizini. Mtu akikamatwa ghafla huacha nyumba, na ndani ya nyumba huacha mtumishi anayejua funguo ziko wapi.

Kama alikabidhiwa aitunze au aliichukua mwenyewe, mzee hakusema. Wajukuu waliokaa karibu hawakulipenda swali hilo. Shujaa wa stesheni aliwafaa zaidi kuliko mtumishi wa nyumbani. Mimi huyu wa pili ndiye ninayetaka kumjua. Natafuta jina la mwenye shamba. Namba ya bastola ingesaidia, ila tarakimu mbili za mwanzo zimeliwa na kutu.