Kipandauso na kisukari: pima sukari kabla ya kulala gizani

Mama mwenye kipandauso anajua anachokitaka kichwa kinapoanza: chumba chenye giza, mlango umefungwa, na watoto wasipige kelele. Kwa asiye na ugonjwa mwengine, mara nyingi hilo husaidia. Lakini ukiwa na kisukari, au ukimlea mwenye kisukari, giza hilo linaweza kuficha jambo jengine. Sukari ikishuka sana nayo huumiza kichwa, hutia kichefuchefu na kuleta ukungu machoni. Mtu akiachwa alale huku sukari inazidi kushuka, anaweza kupoteza fahamu na watu wa nyumbani wakadhani amepumzika.

Ukurasa huu unaeleza namna ya kuishi na magonjwa haya mawili kwa pamoja. Mifano yake ni ya Kizimkazi, kusini mwa Unguja. Kutoka huko hospitali ya karibu ni ya Makunduchi, na safari ya daladala hadi Mnazi Mmoja, mjini, ni zaidi ya saa moja. Ukikaa mbali na hospitali kubwa, dakika za mwanzo ziko mikononi mwako na mwa walio nyumbani.

Kwa ufupi

- Kichwa kikianza: pima sukari kwanza, kisha dawa, kisha giza.
- Sukari ikiwa chini ya 4, tibu sukari kabla ya kutibu kichwa.
- Huna mashine ya kupimia na dalili zinakutia shaka? Mpe mgonjwa kitu cha sukari, maadamu ana fahamu na anaweza kumeza.
- Mwenye kisukari asiachwe peke yake chumbani. Mtu aingie kumtazama na kumsemesha.

Kipandauso ni nini?

Kipandauso si kichwa cha kawaida. Mara nyingi hushika upande mmoja, hugonga kufuata mapigo ya moyo, na huzidi mgonjwa akiinama au akitembea. Mwanga, kelele na harufu humkera. Wengi huona kichefuchefu na baadhi hutapika. Kwa mtu mzima, kisipotibiwa, huchukua saa 4 hadi 72. Wanawake hukipata mara mbili hadi tatu zaidi ya wanaume, na wengi hukiona kinakuja karibu na siku za hedhi.

Kwa baadhi ya watu huja ishara kabla ya maumivu: mistari inayometameta machoni, doa lisiloona, ganzi inayopanda taratibu kutoka vidoleni hadi usoni, au maneno kukwama. Ishara hizi huja polepole na kwa kawaida huondoka ndani ya saa moja.

Kipandauso si madeko wala uvivu. Ni ugonjwa wa mfumo wa fahamu, na mara nyingi hurithiwa. Anayetaka kusomewa dua na asomewe, ila kidole kipimwe kwanza. Na dawa ya kienyeji yenye asali ihesabiwe kuwa ni sukari.

Kwa nini kisukari kinatatiza mambo?

Kisukari hakigeuki kuwa kipandauso, wala kipandauso hakigeuki kuwa kisukari. Ni magonjwa mawili yanayoweza kukutana kwa mtu mmoja, na yakikutana yanaingiliana kwa njia nne:

1. Sukari ikishuka, kichwa huuma. Kuruka mlo ni kichochezi kinachojulikana cha kipandauso. Kwa anayetumia insulini au vidonge kama glibenklamidi na gliklazidi, kuruka mlo pia hushusha sukari.
2. Sukari ikipanda, mwili hukauka. Mtu hukojoa sana, hupoteza maji, na kichwa huanza.
3. Kutapika huharibu hesabu. Umechoma insulini au umemeza kidonge asubuhi, halafu chakula chote kimetoka. Dawa inaendelea kufanya kazi bila chakula.
4. Dawa za kichwa na dawa za sukari si zote zinazopatana. Tutalieleza hili hapa chini.

Jasho la baridi, kutetemeka, moyo kwenda mbio, njaa ya ghafla, kuongea ovyo au kuwa mkali bila sababu huelekea zaidi kwenye sukari iliyoshuka. Kuamka na kichwa kinachouma huku shuka limelowa jasho kunaweza kuwa dalili kwamba sukari ilishuka usiku. Lakini kwa kutazama tu huwezi kuwa na uhakika. Namba ya mashine ndiyo inayosema.

Kichwa kikianza: hatua kwa hatua

1. Nawa mikono, kausha, pima. Mikono iliyoshika embe au tende huipa mashine namba ya uongo.

2. Ikiwa chini ya 4 (au chini ya 70 kwa mashine zinazosoma miligramu): kunywa maji yaliyokorogwa vijiko vya chai vitatu hadi vinne vya sukari, au nusu glasi ya soda ya kawaida au juisi. Soda isiyo na sukari haisaidii, na chokoleti inachelewa. Pima tena baada ya dakika 15. Bado iko chini? Rudia. Ikishapanda, kula kitu kidogo, kama kipande cha boflo, ndizi au muhogo, ikiwa mlo bado uko mbali.

Mara nyingi kichwa hupungua sukari inaporudi. Kikiendelea, sasa ndiyo wakati wa dawa na chumba chenye giza.

3. Ikiwa kati ya 4 na 15: meza dawa ya kichwa uliyoelekezwa, mapema, maumivu yakiwa bado madogo. Kunywa maji. Lala penye giza na utulivu, na kitambaa chenye maji baridi kwenye paji la uso. Kama umeshatumia insulini au kidonge na huwezi kula, pima tena kila baada ya saa moja au mbili.

4. Ikiwa zaidi ya 15: kunywa maji matupu kidogo kidogo na wasiliana na kituo cha afya. Ukiwa pia unatapika, tumbo linauma, unapumua kwa kasi au pumzi ina harufu kama ya matunda yaliyoiva sana, nenda hospitali saa hiyo hiyo.

5. Ukitapika: anayetegemea insulini asiiache kabisa kwa uamuzi wake, hata kama hali, apate maelekezo ya kipimo. Metformini mara nyingi husimamishwa kwa muda mtu anapotapika sana na kukaukiwa maji. Uliza kituoni kabla ya siku hiyo kufika, uandikiwe cha kufanya.

Mgonjwa akipoteza fahamu, usimtie chochote mdomoni. Mlaze ubavu na mpeleke hospitali.

Dawa: za kuulizia kabla ya kumeza

Parasetamoli ndiyo ya kuanzia kwa wengi. Mtu mzima humeza gramu 1 (vidonge viwili vya miligramu 500), na asizidishe gramu 4 kwa siku. Soma pakiti: dawa nyingi za mafua na za kichwa nazo zina parasetamoli ndani, na ni rahisi kumeza mara mbili bila kujua.

Ibuprofeni na diklofenaki husaidia kipandauso, lakini zinaweza kuumiza figo ambazo kisukari tayari kimezigusa. Kama hujapimwa figo, kama una presha, au kama unatapika na umekauka, usizinunue dukani bila kuuliza.

Propranololi hutolewa kuzuia kipandauso kisirudi. Tatizo lake ni kwamba huficha kutetemeka na mapigo ya moyo ya haraka, yaani dalili zinazokuonya kwamba sukari imeshuka. Jasho hubaki. Ukipewa, pima mara nyingi zaidi.

Ergotamini na triptani hukaza mishipa ya damu. Hazimfai mwenye ugonjwa wa moyo au aliyewahi kupata kiharusi, na mwenye kisukari achunguzwe kwanza.

Sindano au vidonge vya steroidi hupandisha sukari. Mwambie daktari una kisukari kabla hajaandika.

Na jambo moja wengi hawalijui: dawa ya kichwa ikizidi huleta kichwa. Ukimeza parasetamoli siku 15 au zaidi kwa mwezi, au vidonge vya mchanganyiko siku 10 au zaidi, kichwa kinaweza kuwa cha kila siku. Hapo panahitajika mpango mpya, si kidonge kingine.

Vichochezi vya hapa kwetu

Kila mtu ana vyake. Kwa familia ya pwani, anza kuvitafuta hapa:

- Jua na mng'ao wa bahari. Wakati wa kaskazi, mchanga mweupe na maji huakisi mwanga mkali. Kofia au mtandio uliosogezwa mbele hupunguza, na chupa ya maji isikosekane.
- Harufu kali. Udi, manukato ya arusini, moshi wa kuni na moshi wa injini za mashua.
- Usingizi uliokatika. Mtoto mchanga, mkesha wa arusi, mgonjwa wa kuuguza.
- Milo isiyo na saa. Chai ya rangi asubuhi, kisha hakuna kitu mpaka saa nane mchana.

Kichochezi hiki cha mwisho ndicho cha kuanza nacho, kwa sababu ukikirekebisha unasaidia magonjwa yote mawili. Kula kidogo kwa saa zinazojulikana: samaki, kunde au choroko, mboga, na kiasi cha wali au muhogo kisichozidi. Ukienda pwani au shamba, chukua chakula na vijiko kadhaa vya sukari vilivyofungwa kwenye karatasi.

Mwezi wa Ramadhani

Siku za mwanzo za saumu huwa nzito kwa mwenye kipandauso: hana maji, hana chai aliyoizoea, usingizi umegawika. Kwa mwenye kisukari kuna hatari juu ya hilo. Nenda kliniki wiki sita hadi nane kabla ya mwezi, uulize kama saumu inakufaa na dawa zibadilishwe vipi. Punguza chai na kahawa taratibu kabla ya mwezi. Chelewesha daku, usiiache.

Wanazuoni wengi wanaona kupima sukari kwa kidole hakufunguzi. Ikishuka chini ya 3.9 au ikipita 16.6, fungua, hata kama magharibi iko karibu. Kipandauso cha kutapika nacho ni sababu ya kufungua. Dini imempa mgonjwa ruhusa, na siku hulipwa. Asiyeweza kulipa naye ana njia yake. Muulize sheikh wako pamoja na daktari wako.

Ukiwa mjamzito, au unapanga uzazi

Baada ya wiki 20 za mimba, kichwa kikali kisihesabiwe kuwa kipandauso mpaka presha ipimwe. Kinaweza kuwa dalili ya kifafa cha mimba, hasa kikija na ukungu machoni, maumivu chini ya mbavu za kulia, au uvimbe wa uso na mikono. Mwenye kisukari yuko katika hatari kubwa zaidi. Nenda siku hiyo hiyo. Ibuprofeni na diklofenaki uziepuke katika mimba, na valproeti isitumike kuzuia kipandauso cha mjamzito.

Kama kipandauso chako huja na ishara za machoni au ganzi, vidonge vya uzazi wa mpango vyenye homoni mbili havikufai, kwa sababu huongeza hatari ya kiharusi. Kuna kitanzi, vijiti na vidonge vya homoni moja. Mwambie muuguzi magonjwa yote mawili, si kisukari peke yake.

Mtoto mwenye kisukari

Kipandauso cha mtoto kinaweza kuwa kifupi zaidi, kikashika pande zote mbili za kichwa na kuja na tumbo. Mtoto mdogo hawezi kueleza. Ataacha kucheza, atabadilika rangi, atataka kulala. Pima. Mwalimu wa skuli ajue kwamba mtoto huyu akisema kichwa kinamuuma, asipelekwe kulala peke yake. Dawa hupimwa kwa uzito wake, na aspirini haifai kwa mtoto.

Nenda hospitali mara moja kama

- kichwa kimekuja ghafla kwa nguvu zote, ndani ya dakika moja, tofauti na vyote vya nyuma;
- mdomo umekwenda upande, mkono au mguu umelegea, au maneno hayatoki;
- kuna homa na shingo imekakamaa;
- mtu amechanganyikiwa, anadondoka usingizi au ana degedege;
- sukari haipandi baada ya kupewa mara mbili au tatu;
- kichwa kimeanza baada ya kuanguka au kupigwa.

Usisubiri daladala ya asubuhi. Weka namba ya jirani mwenye gari kwenye simu na ukutani, na wenzako nyumbani waijue.

Daftari moja, safu nne

Chukua daftari la skuli. Andika tarehe na saa, namba ya sukari, ulichokula na ulichomeza, na kichwa kilichukua muda gani. Weka alama siku za hedhi. Baada ya miezi miwili utaona kama vichwa vyako hufuata sukari, hedhi, jua au usingizi. Nenda nalo kliniki: daktari mwenye dakika chache atasoma humo mambo ambayo huenda ungeyasahau.

Na leo, kabla kichwa hakijaja, mfundishe mtu mmoja nyumbani, awe binti, mume au wifi, kutumia mashine ya sukari. Siku ambayo macho yako hayavumilii mwanga, yeye ndiye atakayeisoma namba.