Jina Pacha na Kielekezo: Istilahi za Kunakili Mti wa Folda

Mwalimu akaaye Mkiwa, kijiji cha mkoa wa Singida ambapo barabara ya kwenda Itigi huachana na ile itokayo Manyoni kuelekea Singida mjini, mwenye kompyuta iliyosheheni maazimio ya kazi, maandalio ya masomo, mitihani ya miaka iliyopita na picha za mahafali, folda ndani ya folda hata zikafanya mti mzima, hukabiliwa na suala hili: aweke vipi nakala ya kila juma pasipo kuijaza diski yake wala kuliteketeza bando lake? Jawabu limo tangu zamani katika mifumo ya ukoo wa Unix. Ila istilahi tunazolielezea, kwa rai yangu, zimefuata maneno ya kigeni zikaiacha maana nyuma.

Tuanze na kile ambacho baadhi ya watu hukiita “kiungo kigumu”. Katika mifumo hiyo faili lenyewe halina jina, bali lina nambari, na chini ya nambari hiyo huandikwa ukubwa wake, tarehe zake, ruhusa zake na mahali data zake zilipo katika diski. Jina ni maandishi yaliyomo ndani ya folda, yakitaja nambari ile. Basi faili moja laweza kuwa na majina mawili au ishirini, katika folda mbalimbali, wala hakuna lililo asili na lililo nakala: ukifuta jina moja, mengine husalia kwa hadhi ile ile, na nafasi katika diski hairudi mpaka jina la mwisho liondoke. Sasa ugumu u wapi hapo, na kiungo ki wapi? Mimi nasema tuliite “jina pacha”. Nilipata kuliwazia neno “lakabu”, ambalo lina ladha nzuri masikioni, nikaliacha, kwa kuwa lakabu huja baada ya jina, na mapacha hawa hawana wa kwanza.

Kiungo cha aina ya pili, kilichoenea kwa mfumo wa 4.2BSD wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, mwaka 1983, ni faili dogo ambalo ndani yake mna njia tu ya kufikia faili au folda nyingine. Hiki ni kama kibao cha njia panda ya Mkiwa kioneshacho Itigi: kibao si mji, na lau mji ungehamishwa, kibao kingeendelea kunyoosha kidole kule kule. “Kielekezo” kinatosha. Kielekezo huvuka kutoka diski hadi diski na huelekeza hata kwenye folda, ilhali jina pacha halitoki nje ya mfumo wa faili lilimozaliwa, wala kwa kawaida folda haipewi pacha.

Ama kuhusu kunakili kwa kuchagua, shukrani ziwaendee Andrew Tridgell na Paul Mackerras wa Australia, walioitangaza programu ya rsync mwaka 1996. Kwanza programu hiyo hutazama ukubwa na tarehe ya kila faili, na lisilobadilika huliruka. Lililobadilika, iwapo safari ni ya mtandaoni, upande upokeao huligawa faili lake la zamani vipande vipande, ukakikokotolea kila kipande hesabu mbili, moja nyepesi na moja ya uhakika, ukazipeleka upande wa pili. Nao huzilinganisha na faili jipya, kisha hutuma yale tu yasiyokuwako. Wengi huita kazi hii “kusawazisha”, neno linalodokeza kupunguza huku na kuongeza kule, na hali rsync huenda upande mmoja tu, nakala ikiifuata asili. “Kulandanisha” ni afadhali, na “ulandanishi teule” ukiwa na orodha ya folda zinazoachwa.

Utamu wa jambo hili ni pale mambo hayo yakutanapo. Kwa swichi ya --link-dest, rsync huonyeshwa folda ya juma lililopita; faili ambalo halikubadilika hulipa jina pacha katika folda ya juma hili, na lililobadilika ndilo hunakiliwa. Kila folda huonekana mti kamili, na hali diski imebeba tofauti tu. Yapo ya kuchunga. Mtu akifungua faili katika nakala ya zamani akaliandika papo hapo, hubadilika katika majuma yote linamotajwa, maana data ni zile zile. Na diski ikiharibika, mapacha wote hufa pamoja, hivyo diski ya pili haikwepeki. Tena flashi nyingi za madukani huja na mfumo wa FAT32 au exFAT, usiojua jina pacha wala kielekezo. Humo mti huo utanakiliwa mara nyingi kwa ukubwa wake wote, mpaka flashi ijae. Na anayeuhamisha mti wenye mapacha kwenda diski nyingine aongeze swichi ya -H, kwani ile -a waizoeayo watu huvihifadhi vielekezo, lakini mapacha huwatenganisha.