Kaisari kwa K

Nilipokuwa na miaka minane, Misa ilikuwa bado haijaanza kusomwa kwa Kiswahili. Nilikuwa mtumishi wa altare katika misheni ya kwetu, nikijibu kwa Kilatini nisichokielewa hata chembe. Padri wetu, Mjerumani, alitufundisha jioni kwenye sakristia, na tulipokosea aligonga meza kwa kidole. Neno lililomchosha kidole ni dominus, yaani bwana. Mswahili hukaza silabi ya pili kutoka mwisho, apende asipende, basi sote tulisema do-MI-nus. Yeye akitaka DO-mi-nus. Sababu hakutupa, nimekuja kuijua ukubwani. Kilatini huitazama kwanza hiyo silabi ya pili kutoka mwisho: ikiwa na vokali ndefu, au imefungwa na konsonanti, mkazo hukaa hapo, kama katika regina, yaani malkia, neno ambalo hatukulikosea hata siku moja. Ikiwa nyepesi, mkazo hurudi nyuma hatua moja.

Kisha akaja padri Mwafrika aliyesomea Roma. Mbingu, caelum, Mjerumani alikuwa ametuzoesha kuiita tselum. Huyu akatamka chelum. Tulitazamana. Mwenzangu mmoja, mtoto asiyeogopa kitu, alimfuata baada ya Misa akamwambia amekosea. Padri alicheka mpaka akashika ukuta.

Kumbe kila taifa la Ulaya lilikitia Kilatini mdomo wake. Mwanazuoni Erasmus aliyacheka hayo katika kitabu chake cha mwaka 1528, ambamo dubu na simba wanajadiliana juu ya matamshi. Anasimulia wajumbe waliomhutubia Kaisari Maximilian kwa Kilatini, kila mmoja kwa lafudhi ya kwao, hata Mfaransa akadhaniwa anasema Kifaransa. Mambo hayakuisha hapo. Mwaka 1912 Papa Pio wa Kumi alimwandikia askofu mkuu wa Bourges, Ufaransa, akiyasifu matamshi ya Roma, haya ya ch. Kwetu sisi ch ilikuwa rahisi. Ile ts ndiyo iliyotutoa jasho.

Lakini Cicero mwenyewe, msemaji maarufu wa Roma ya kale, hakuitwa Chichero wala Tsitsero. Wagiriki waliandika jina lake kwa kapa, na kapa ni k tu: Kikero. C ilianza kulainika mbele ya e na i karne ya 5 hivi, Dola ya Roma ya magharibi ikiporomoka. Na ae ilikuwa karibu na ai yetu, kwa hiyo mbingu ya Cicero ilikuwa kailum.

Nilipoyasoma haya uzeeni nilifungua Agano Jipya. Kaisari. Kilikia. Majina hayo yametufikia kwa njia ya Kigiriki, ndiyo, ila k ni ile ile ya kale. Mwitaliano leo husema Chezare.

Nilimsimulia yule mwenzangu, ambaye sasa ni babu kama mimi. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza kama basi mapadri wote wawili walikosea. Yeye mpaka leo husema do-MI-nus.