Mchezo wa Kugonga Mafuko

Vijana ninaowafundisha ufundi wa kompyuta huanza na NetBus, programu ya kuendesha kompyuta ya mtu kutoka mbali, kwenye mashine kuukuu ya Windows 98 isiyounganishwa popote ila na mwenzake wa mezani. Nawafungulia dirisha la kijivu lililojaa vitufe: piga picha ya skrini, soma herufi anazoandika mwenyewe, badili kulia na kushoto kwa kipanya. Kijana anabofya kimoja, na mashine ya pili inachomoza trei ya CD yenyewe. Wanacheka. Nawaacha wacheke, maana Carl-Fredrik Neikter, Mswidi aliyeitoa mwaka 1998, naye alisema ni ya utani.

NetBus ilikuwa na vipande viwili. Kimoja alibaki nacho mwenye kuamuru. Cha pili kilipaswa kufunguliwa na mwenye kompyuta kwa mkono wake. Hapo ndipo hila ilipohitajika. Ukazagaa mchezo wa Whack-A-Mole, wa kugonga mafuko yakichungulia mashimoni. Ulisakinishwa kama programu yoyote, endelea, endelea, maliza, na mchezo wenyewe ulichezeka kweli. Huku mtu akigonga mafuko, NetBus ilishajipachika ndani ya Windows ili iamke kila kompyuta inapowashwa, ikingoja amri kwenye poti 12345. Enzi zile za modemu kompyuta nyingi zilikaa mtandaoni bila ukuta wowote. Aliyejua anwani ya kompyuta alipita.

Wanaosimulia historia hii hukimbilia nywila na pesa zilizoibwa. Mimi nasimama Lund, Uswidi, mwaka 1999. Kwenye kompyuta ya kazini ya msomi mmoja wa sheria zilikutwa picha 3,500 za watoto wanaodhalilishwa kingono. Ikachukuliwa kuwa ni zake. Akapoteza kazi ya utafiti, jina lake likachapishwa, akaikimbia nchi, akaugua kwa msongo. Ilikuwa mwishoni mwa 2004 mahakama ilipomwachia huru, ikikubali kwamba kompyuta yake ilikuwa ikiendeshwa na mtu mwingine kwa NetBus. Miaka mitano ya uhai wa mtu! Hakuna nywila iliyoibwa inayofikia hasara hiyo.

Baadaye hata mchezo haukuhitajika. Mwaka 2017 kisakinishi halisi cha CCleaner 5.33, programu ya kusafisha kompyuta, chenye sahihi ya kampuni, kilibeba mlango wa nyuma kwa karibu mwezi mzima na kuingia kwenye kompyuta zaidi ya milioni 2.

Nikimkumbuka yule msomi wa Lund, tabia yetu mafundi inaniuma: mteja akileta laptopu inayojiendesha, tunapiga Windows upya hapohapo, na ushahidi wote unakwenda. Mahakama haiwezi kuona NetBus kwenye diski iliyofutwa. Kwangu, intaneti inakatwa kwanza, diski inanakiliwa nzima kwenye nyingine, nakala inabandikwa tarehe na kukabidhiwa mwenyewe, ndipo nafomati. Wateja hulalamika kwamba nawachelewesha. Nawaeleza habari za Lund, na wengi huketi wakasubiri.