Shule ya Msingi ya Kikatoliki, kutoka Nyamitanga hadi Nakivale

Nyamitanga ni kilima cha mjini Mbarara chenye kanisa kuu la Kikatoliki, na jirani yake zimo shule. Ndivyo Wamisionari wa Afrika, maarufu kama Mapadri Weupe, walivyozoea kujenga: panapoinuliwa altare, darasa halikai mbali. Vikarieti ya Rwenzori, iliyotangulia jimbo la Mbarara, ilianzishwa mwaka 1934; Mbarara ikawa jimbo mwaka 1953, kisha jimbo kuu mwaka 1999.

Nchini Uganda jina "shule ya Kikatoliki" hubeba shule za aina mbili, na mzazi mgeni huijua tofauti yake siku ya kuandikisha mtoto. Aina ya kwanza ni shule zilizoasisiwa na Kanisa lakini zikaingia mikononi mwa serikali mapema miaka ya 1960. Walimu wake hulipwa na serikali, mtaala ni wa taifa, na tangu mpango wa Elimu ya Msingi kwa Wote uanze mwaka 1997, hazitozi ada ya masomo. Kanisa limebaki na hadhi ya mwasisi: Sheria ya Elimu ya mwaka 2008 inalipa nafasi katika kamati ya shule na sauti katika malezi ya kidini. Aina ya pili ni shule binafsi za jimbo au za mashirika ya masista, nyingi zikiwa na bweni, na hizo hulipiwa karo. Aina hii huonekana zaidi mjini kuliko vijijini, na sifa ya "ubora" mara nyingi huishia kwake. Kwangu mimi sifa hiyo hutolewa kwa haraka mno.

Kipimo ninachokiamini Kanisa lenyewe lilikiandika. Tamko la Mtaguso wa Pili wa Vatikano kuhusu elimu, Gravissimum Educationis la mwaka 1965, linawataja wazazi kuwa walezi wa kwanza wa mtoto, kisha linaiagiza shule ya Kikatoliki iwaangalie kwa namna ya pekee maskini, waliokosa msaada na upendo wa familia, na wasio na imani. Kwa agizo hilo, mahali pa kuitazama shule ni Nakivale kabla ya Nyamitanga.

Nakivale iko wilaya ya Isingiro, kilometa zipatazo 60 kutoka Mbarara. Ilianza mwishoni mwa miaka ya 1950 kwa kuwapokea Watutsi waliokimbia Rwanda, na ni miongoni mwa makao makongwe ya wakimbizi barani Afrika. Leo wamo Wakongo wengi, Warundi, Wanyarwanda, Wasomali, Waethiopia na Waeritrea. Familia nyingi zimepewa vipande vya ardhi, hulima mahindi na maharage. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006 inampa mtoto mkimbizi haki ya elimu ya msingi sawa na raia, kwa hiyo mtoto wa Isingiro na mtoto wa Kivu ya Kongo hubanana dawati moja.

Hapo ndipo lugha inapoanza kuumiza. Mtaala wa Uganda unataka lugha ya eneo itumike kufundishia madarasa matatu ya kwanza, kisha Kiingereza kishike nafasi. Lugha ya Isingiro ni Runyankore. Mtoto aliyefika darasa la tano Bukavu, Kongo, kwa Kifaransa anajua kugawanya sehemu, lakini swali lenyewe hawezi kulisoma, basi hurudishwa nyuma akae na wadogo zake. Wapo wanaokubali, na wapo wanaoacha shule kwa aibu ya kuwa warefu kuliko mlango wa darasa. Kiswahili, ambacho Wakongo na Warundi wengi huja nacho, hubaki lugha ya uwanjani na sokoni. Hali ni hiyo ingawa Baraza la Mawaziri la Uganda liliamua mwaka 2022 kifundishwe shuleni kwa lazima. Mwalimu anayeweza kueleza hesabu kwa Kiswahili dakika tano, kisha akairudia kwa Kiingereza, humwokolea mtoto mwaka mzima. Huyo ndiye mwalimu ambaye shule ingepaswa kumtafuta kwanza.

Mtihani wa kumaliza darasa la saba una masomo manne: Kiingereza, hisabati, sayansi na maarifa ya jamii. Alama hujumlishwa kuanzia 4, iliyo bora kabisa, hadi 36. Hesabu hiyo ndiyo inayobandikwa ukutani na kutangazwa kanisani.

Malezi hayabandikwi ukutani. Yako kwenye uji wa saa nne, maana sheria imemwachia mzazi jukumu la chakula, na mzazi mkimbizi ambaye mgao wake wa chakula umepunguzwa hana cha kufungasha. Yako kwenye fimbo: marekebisho ya Sheria ya Watoto ya mwaka 2016 yalipiga marufuku kuchapa wanafunzi, na shule yenye msalaba juu ya paa haina udhuru wa kuendelea. Yako pia kwa mwalimu wa kike mlezi, ambaye msichana humwendea siku damu inapomkuta darasani.

Shule za Uganda zilifungwa Machi 2020 kwa sababu ya janga la UVIKO-19, na zikafunguliwa kikamilifu Januari 2022. Wasichana wengi walikuwa wameshika mimba. Miongozo ya serikali inaruhusu mama mdogo arudi darasani baada ya kujifungua. Shule inayompokea inapaswa kumtafutia chumba cha kunyonyeshea, kumpa ruhusa ya kwenda kliniki, na kumweka mtu mzima mmoja wa kuwanyamazisha wenzake wanapomwita "mama fulani" mistarini asubuhi.